Sauti ya Mfupa wa Mwanangu

Mimi sikusoma, lakini sauti za watu ninazo zote. Padri wetu ninamtoa na kikohozi chake, mpaka watoto wanageuka kuangalia mlangoni. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ninamtoa vile anavyovuta maneno kama anavuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani: "Sheeemeji, maaambo siyo haaayo." Mume wangu naye bado ninaye, ila huyo namtoa nikiwa peke yangu shambani.

Sauti iliyonishinda ni moja tu, ya jino langu mwenyewe. Nayo baadaye nikaiweza. Hayo nitafika.

Nina watoto wawili, wote wa kike. Wengine walikuja wakarudi, hao tuwaache walale. Wa kwanza nilimzaa kwa mama yangu, kijiji cha Daudi, kule juu kwenye baridi na vitunguu swaumu. Mama alikuwa amebaki peke yake, akaniomba, "Niachie huyu anichotee maji, na shule iko hapa karibu." Nikamwachia. Nikashuka kwa mume wangu, huku uwandani upande wa Hanang, karibu na ziwa la magadi. Wa pili nikamzaa hapa. Huyo nikasema, huyu simpi mtu, huyu ni wangu. Nikamnyonyesha mpaka akaona aibu mwenyewe.

Sasa angalia. Yule niliyempa mtu ana miguu imenyooka kama fito, na meno meupe kama ya tangazo la dawa ya meno. Huyu niliyemshika mwenyewe ana meno ya kahawia, na miguu yake imepinda: magoti yanasalimiana, nyayo zinakimbiana. Alipoanza kutembea nilicheka. Nilisema, huyu anatembea kama mbuzi aliyekula pombe ya tambiko. Nikamwigiza, nikazunguka uani na magoti yangu nimeyabana, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Sikujua nacheka nini.

Meno ya kahawia huku hakuna anayeyashangaa. Hata mbuzi wanayo. Mimi ndiye nilikuwa naulizwa, mbona yako meupe? Nikawa nawajibu, kwa sababu mimi natafuna maneno ya watu, hayana uchafu. Lakini hiyo miguu ilinisumbua. Shemeji akasema ni mambo ya ukoo, kuna mbuzi hakuchinjwa tangu enzi za baba yao. Tukachinja. Zahanati wakasema apewe maziwa. Maziwa alikunywa mpaka ndama wakamchukia. Miguu ikaendelea na safari zake.

Hakuolewa. Walikuja kumwangalia mara mbili, wakakaa, wakanywa chai, wakamsubiri asimame. Aliposimama wakasifia chai.

Akabaki na mimi. Anachambua maharage, anashona, anasuka mikeka, anafuga kuku, na ulimi anao kuliko mimi. Dada yake akaenda shule, akaenda nyingine, wakampeleka ng'ambo, akawa ni mwalimu wa watu wazima kwenye chuo kikuu cha nchi ya baridi. Nikiulizwa mwanao anasomea nini, nasema fizikia. Ukiniuliza fizikia ni nini, nakwambia chai iko tayari.

Basi, safari moja alikuja likizo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu jikoni, mimi napika kande. Mdogo wake amekaa mlangoni pale anapopenda, miguu kwenye jua. Nikafungua kopo la magadi. Magadi haya nayakwangua mwenyewe kila kiangazi, ziwa likirudi nyuma na kuacha lile ganda jeupe. Bila magadi maharage yanakula kuni za wiki nzima. Mlenda bila magadi ni maji ya kuoshea vyombo. Nilipokuwa na mimba ya huyu wa pili nilikuwa nayalamba hivihivi, kama mtoto aliyeachwa na sukari.

Mkubwa akanishika mkono.

"Mama, usiweke."

"Nisiweke unataka kutafuna risasi?"

"Mama, kuna kitu humo ndani. Kinaitwa floraidi. Kiko kwenye magadi, na kiko kwenye maji ya hiki kisima chenu cha bomba. Mtoto anayekua akinywa na kula kila siku, kinaingia kwenye meno na kwenye mifupa, kinakaa humo. Ndicho kinachopindisha."

Yeye siku hizi anaongea Kiswahili kama ana kiazi cha moto mdomoni, na hapo alikuwa anaongea polepole zaidi, ananiangalia usoni kama daktari.

Nikabaki na kijiko cha magadi hewani. Mdogo wake kule mlangoni hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa Kimbulu chetu cha nyumbani, kama mtu anayeuliza nani amemfungua ndama:

"Kumbe ni mama."

"Siyo mama," dada yake akasema haraka. "Ni ardhi ya huku."

"Ardhi haikuwahi kunipikia."

Akacheka. Na mimi nikacheka, maana ilikuwa imekaa vizuri, hata mimi nisingeipata vile. Halafu nikatoka nje kama naenda kuangalia kuni. Nilisimama nyuma ya zizi. Nilikuwa nahesabu vyungu. Kila siku chungu kimoja, na kila chungu mkono huu huu.

Niliporudi kande lilikuwa linaungua. Nikamuuliza mkubwa, "Na wewe umejuaje haya?"

"Hili la floraidi linajulikana siku nyingi, mama. Mimi natazama jinsi inavyokaa ndani. Kama imetulia au inahama."

"Inahamaje ndani ya mfupa? Mfupa ni mgumu."

"Hata jiwe ni gumu, mama, na ndani halitulii."

Nikamwonyesha jiwe langu la kusagia, lile dogo la juu, la mkononi, alilonipa mama yangu nilipoolewa. "Hili? Nimelipigia magoti maisha yangu yote, na lenyewe huku ndani linacheza?"

"Linacheza. Chembe zake zinatetemeka, na nyingine zinaruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine."

"Mbwa wewe," nikaliambia jiwe.

Ndipo akanieleza kazi yake. Kuna sumaku kubwa kuliko pipa la maji, ina nguvu mpaka huruhusiwi kuingia na kisu wala pini ya nywele. Mimi na bangili zangu ningebaki nimening'inia ukutani kama popo. Unachukua kitu kigumu, jino au chumvi au jiwe, unakisaga, unakitia kwenye kichupa kidogo kama kiungo cha kidole, unakiweka katikati ya sumaku. Chembe zinasimama zimeelekea upande mmoja, kama kanisani Injili ikisomwa. Halafu unazipiga na wimbi, kama lile la redio. Zinayumba. Na zikiwa zinarudi kusimama, zinatoa sauti, mashine inaisikia.

"Na kwa ile sauti najua," akasema. "Chembe iliyobanwa, isiyohama, sauti yake ni nzito, imekwaruza, inakufa upesi. Ile inayohama, sauti yake inakuwa nyembamba na safi, inakaa muda."

"Kumbe na wewe kazi yako ni kusikiliza sauti za watu."

"Za vitu, mama."

"Ni umbea tu. Umbea wa ndani ya mawe." Nilifurahi lakini. Nilijiona nimemrithisha kitu.

Nilikuwa na jino la nyuma linalegea. Akaniomba. Nikaling'oa palepale kwa uzi, nikampa na damu yake. Akalifunga kwenye karatasi kama hirizi. Halafu akasema jambo ambalo nadhani lilimtoka tu. Akamwangalia mdogo wake miguuni, akasema, "Cha kufaa zaidi kingekuwa mfupa wenyewe. Kipande kama punje ya hindi. Lakini hicho hakitolewi kwa mtu."

Nikamwambia, "Sema tena nikuchape, hapo hapo ulipo na chuo kikuu chako."

Hakusema tena. Akaondoka na jino.

Yule mdogo alibaki na jambo lake kichwani, na mimi nikabaki na langu, na kumbe lilikuwa moja. Tulikuwa tunapika maharage bila magadi, yanachemka kutwa, na tunachota maji ya mvua kwenye pipa. Siku moja akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, kama inahama, si inaweza kutoka?"

Nikamwambia ndilo ninalowaza.

Na kulikuwa na haraka, maana miguu ilikuwa inazidi. Hapo kwanza alikuwa anaamka na fimbo moja, sasa mbili. Mgongo ulikuwa umekaza, hawezi kugeuza shingo bila kugeuka mwili mzima kama fisi. Na miguu ikaanza ganzi. Alikanyaga kaa la moto jikoni, mimi ndiye niliyemwambia, "Wewe, unaungua." Tukacheka. Tulicheka sana mwaka ule.

Baadaye dada yake akapiga simu. Akasema jino langu limeitika, akatuma sauti kwenye simu tuisikie. Tukaweka simu katikati, juu ya gunia. Ikalia: khhha. Fupi. Kama mzee anayetaka kutema akakosa mate. Nikajaribu kuitoa, ikanishinda, koo langu halikujua ianzie wapi. Halafu akasema, sasa sikilizeni hii, hii ni ile ile lakini tumeipasha moto. Ikalia tena, na safari hii ikawa nyembamba kidogo, ikavutika, khhhiiii, kama mbu anayeondoka.

Mdogo wake akanishika goti. "Imehama," akasema.

Mkubwa akaeleza. Floraidi ndani ya mfupa imepanga mstari kama ndoo kwenye bomba letu la kijiji. Ya nyuma haisogei mpaka ya mbele isogee, na ya mbele haisogei. Ukipasha moto, nafasi zinapatikana, zinaanza kusogea.

Nikamuuliza, "Moto kiasi gani?"

"Mkali, mama. Mkali sana." Nyuma yake kulikuwa na watu wanaongea, wanamwita. Akacheka, akasema, "Nitawapigia."

Sikumsikia vibaya. Alisema hivyo hivyo nilivyosema hapa. Mkali sana.

Sasa na mimi kuna kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote kutoka huku mpaka Dongobesh. Ni kukanda. Mwanamke akijifungua wananiita mimi. Maji yanayochemka, kitambaa, mikono hii haiungui tena, na mzazi analia, "Bibi unaniua," na mimi namwambia, "Ukifa nitakula uji wako." Baada ya siku saba anatembea kama msichana. Kwa hiyo nilipoambiwa moto unahamisha, sikuona jambo geni. Niliona ni lile lile ninalofanya kila siku, ila sasa lina mashine.

Lakini maji nikaona hayatoshi, amesema mkali sana. Nikachukua jiwe la kusagia, lile dogo. Nikaliweka kwenye mafiga mpaka likawa haliguswi. Nikalifunga kwenye vitambaa viwili vya kanga kuukuu. Kila siku asubuhi, akiwa amekaa mlangoni kwake, nikawa namkanda nalo kuanzia goti kushuka. Mguu wa kulia, wa kushoto. Na tulikuwa na kamba. Anasimama ameshika mlango, magoti yamegusana, napima kati ya kifundo na kifundo, nafunga fundo. Kila Jumapili tunapima. Kamba ikasema hakuna kitu. Sisi tukasema kamba imevutika. Tukabadilisha kamba.

"Nahisi kitu kinatembea," akawa ananiambia.

"Kinakwenda wapi?"

"Kinatafuta mlango."

Siku yenyewe kitambaa kimoja kilikuwa kimefuliwa, kimelowa, kiko kwenye uzio. Nikafunga jiwe na kimoja. Nikalishika kwa mkono huu usioungua, nikaliweka mbele ya mguu wa kulia, chini ya goti, nikalikandamiza. Akaniambia, "Mtoe baba mdogo." Yaani nimwigize shemeji. Nikaanza. Nilimtoa shemeji akinunua suruali mnadani, anabishana na muuzaji, anainusa. "Hiiii ni ya maaarehemu, naaamsikia." Alicheka, huyu mtoto. Akaegemea mwimo wa mlango, machozi yanamtoka, ananiambia, "Mama basi, mama basi," na mimi nikiambiwa basi ndipo ninapoongeza. Nikaongeza na muuzaji. Nikaongeza na mke wa muuzaji.

Nikasikia harufu. Nikasema kanga inaungua. Nikainua jiwe.

Haikuwa kanga.

Na yeye alikuwa bado anacheka. Aliniangalia usoni, ndipo akaacha.

Sitasema mengi ya zile wiki. Nilipaka asali. Nilipaka shubiri. Nilifunika na kanga safi, nikawafukuza nzi na mkono, na jirani akija nilimfunika blanketi nikasema ana mafua. Mafua ya mguu. Niliogopa watu, niliogopa dada yake zaidi. Mwenyewe hakuwa anaumwa, na ndilo lililotudanganya, mtu hasikii maumivu unasema kinapona. Kikaanza kunuka. Akaniambia, "Mama, hata mimi siwezi tena kukaa na mimi." Ndipo tukaenda hospitali.

Kule nesi alikuwa binti mdogo, anaongea puani, mnyenyekevu. "Shikamoo bibi. Imekuwaje huyu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Alimwagikiwa na maji ya ugali."

Mwanangu juu ya kitanda akaitikia, "Ndiyo, maji ya ugali. Nilikuwa nakimbia." Yeye, kukimbia.

Nesi akafunua. Akatazama kile kidonda, kina umbo, kimechongeka upande mmoja kama kilivyo kichwa cha lile jiwe. Akatazama muda. Halafu akaniambia taratibu, kwenye pua yake, "Bibi, maji hayana pembe."

Nikasema yote. Nilisema na sumaku, na bomba la kijiji, na sauti ya jino. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani aliona nimechanganyikiwa. Akaniletea kiti.

Daktari akasema mfupa umeoza, mguu unakatwa juu ya goti. Akauliza kwa nini hakusikia moto. Akamgonga mgongo, akamchoma na kijiti nyayo zote mbili, akatuambia mifupa ya uti imenenepa inabana mishipa, na ndiyo ganzi yote ile. Ni hiyo hiyo floraidi. Kwa hiyo iliharibu miguu, halafu ikaniondolea na mtu wa kunipigia kelele kwamba namuunguza.

Nikampigia simu mkubwa. Sikumwigiza mtu, niliongea na sauti yangu, na hakuitambua. Akauliza, "Nani mwenzangu?"

Nilipomaliza kumweleza akaniita.

"Mama. Tulipasha kwenye mashine. Ni moto wa kuyeyusha risasi. Siyo wa mtu."

"Nilikuuliza kiasi gani."

"Uliniuliza."

"Ukasema mkali sana."

"Nilisema." Halafu akasema, "Nilikuwa nina kikao." Akalia. Mimi sikulia, nilikuwa namsikiliza jinsi anavyolia. Analia kama mama yangu, kwa kuvuta ndani. Hilo nalo amelipata kule Daudi.

Alifika siku moja kabla ya kukatwa. Hakulala. Alikuwa anamlisha mdogo wake uji, anamchana nywele, hatuangaliani mimi na yeye. Shemeji naye akaja na fimbo na koti, akaketi, akakohoa. Jambo lililomleta lilikuwa mguu. Nesi alikuwa ameshauliza: mtauchukua au tuuchome hapa? Shemeji akasema mguu wa mtu wetu hauchomwi, unazikwa nyumbani. Akasema pia liko swali lingine. Kwetu mtu akifa, au mimba ikitoka, boma linatengwa, watu hawachanganyiki nalo, halichotei maji pamoja na wengine mpaka siku zake ziishe. Siku hizi kanisa limelegeza, lakini yeye hajalegea. "Saaasa shemeji, mtu yuko haaai, mguu umekuuufa. Tunatengwa au hatutengwi?"

Mwanangu kitandani akamjibu, "Baba mdogo, mtengwe upande mmoja."

Hata shemeji alitaka kucheka, akakimeza kicheko.

Mkubwa alikuwa amesimama dirishani, anaangalia sakafu. Nikaona mdogo wake anamtazama. Anamtazama vile mimi ninavyomtazama mtu ninayetaka kumwigiza, mpaka ndani.

"Dada."

"Naam, mdogo wangu."

"Mbona huulizi?"

"Niulize nini?"

"Ile punje ya hindi."

Mkubwa akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Akasema hapana, siyo hivyo, hakuja kwa ajili hiyo, Mungu anajua. Akanigeukia mimi. "Mama, mwambie. Sikuja kwa ajili hiyo."

Nilikuwa nimesema nitamchapa. Nilikuwa na mkono wa kumchapa, uko pale mapajani. Haukuinuka.

"Mpeni," akasema yule mwingine. "Mguu wangu haujawahi kufika hata Dongobesh bila kubebwa. Acha uende chuo kikuu." Halafu akaacha utani, akasema kwa Kimbulu, ili nesi asisikie, "Ukausikilize. Wa kushoto bado ninao. Nataka kujua."

Zikaja karatasi. Daktari akasoma, mkubwa akasoma, mwanangu akaweka sahihi, na mimi nikatia dole gumba pale kwa mashahidi. Mguu uliokatwa, ukishatolewa ile punje, tuliuzika nyuma ya zizi, shemeji akiongoza, umefungwa kwenye ile kanga iliyokuwa imelowa kwenye uzio. Shimo fupi sana. Majirani hawakujua wasimameje. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu kwa muda, na pale bombani walikuwa wananiachia nafasi ya mbele ili nichote maji ya kufulia niondoke. Foleni yote inasogea nyuma. Nilikuwa nawatania, ningejua ningekata mguu mapema. Hawakucheka.

Lile jiwe dogo sikulitupa. Lipo chini ya kitanda changu. Unga siku hizi tunasaga mashineni.

Ilipita miezi. Mkubwa akapiga. Alisema ameupima, ameupima sana, mara nyingi, baridi na joto. Nikamwambia usieleze, tuma. Akatuma.

Tukaweka simu kwenye gunia, pale pale. Mwanangu alikuwa amekaa mlangoni, gauni limelala upande mmoja. Ikalia.

Khha.

Ilikuwa nzito, imekwaruza. Fupi kuliko ya jino langu. Nikabonyeza tena. Khha. Mkubwa alikuwa bado hewani, akasema, "Mama, kwenye joto la mwili haihami. Inatetemeka tu palepale ilipo. Hata ukimkalisha juani maisha yote." Nikamshukuru. Nikamwambia ale vizuri.

Simu ile baadaye iliingia maji, na sauti ikapotea nayo. Ikabaki kwangu mimi. Nilikuwa nimeshaijua kuitoa, na ile ya jino nayo, niliijaribu shambani wiki nzima, inatoka chini kabisa ya koo, unaifunga kabla haijafunguka. Inaniuma hata kifua.

Juzi alikuwa anachambua maharage. Mguu wa kushoto uko juani, umepinda vile vile. Akasema, "Mama, nitolee sauti ya mguu wangu."

Nikamtolea. Khha.

Akatikisa kichwa. "Haikuwa hivyo. Ilikuwa nyembamba kidogo."

"Ilikuwa hivyo hivyo, mwanangu."

"Nyembamba kidogo," akasema. Hakuinua uso kwenye ungo. "Jaribu tena."

Nikaifanya nyembamba.